Kontena la Mshika Saa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya pili ya mfungo. Kichwa kinagonga. Si njaa, ni kahawa!

Kompyuta imefika. Ile kuukuu ya maabara ya shule, ambayo mwalimu mkuu hakuitoa mpaka nimeandika barua tatu. Nimeiweka chumba cha juu cha kinu cha zamani, ndiyo "ofisi" ya baraza la maji — meza moja, viti viwili, kalenda ya mwaka juzi. Nimefuta kila kitu kilichokuwamo, nimetia mfumo mpya, Linux. Imekubali bila ubishi. Mashine ya uzee wake, nilitegemea matata.

Haddou, mkuu wa baraza, alipanda kuiona. Kaizunguka kama anayenunua punda. Akauliza, hii ndiyo itakayofungua malango ya bwawa? Nikamwambia ndiyo, itaziamuru mota za malango, na kila zamu ikianza itampelekea mwenye zamu ujumbe kwenye simu. Akasema haya, binti Bassou, una mpaka mwisho wa mzunguko wa kwanza baada ya Idi. Kukiharibika kitu, baba yako arudi bwawani, au ushika saa wa maji uhamie nyumba nyingine.

Arudi! Na nyonga ile! Novemba aliteleza ukingoni mwa mfereji akienda kugeuza maji, akavunjika nyonga, akalala pale mpaka watu wa sala ya alfajiri walipomkuta. Tangu hapo nafungua malango mimi, kabla ya vipindi na baada ya vipindi, na yeye ananiendesha kutoka kitandani kwa simu. "Fungua! Sasa! Funga la pili!" Kama kocha wa mpira. Kuuacha ushika saa uende kwa wengine hatakubali, ana miaka arobaini na mmoja katika kazi hiyo. Mashine ikishindwa atarudi. Namjua. Atarudi na atateleza tena.

Kwa hiyo itafanya kazi. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Programu ya zamu kaiandika Idir. Nilimfundisha kuwasha kompyuta akiwa darasa la kwanza la sekondari, sasa yuko Meknès anaandika programu za watu, na hii ya kwetu kaifanya bure kwa sababu mama yake naye ana zamu ya maji hapa. Leo kapiga simu. Anasema, Mwalimu, nimeifunga kwenye kontena. Nikamuuliza kontena la nini tena. Akacheka. Anasema ni kama msafiri anayekuja na jiko lake, sufuria yake na chumvi yake. Hakuombi kitu jikoni kwako, anataka mahali pa kukaa tu. Ila kwanza niweke hiyo programu inayobeba makontena. Na niichukue mtandaoni, kwenye ghala la wenyewe walioitengeneza, nisichukue ile iliyokuja na Linux, ni ya zamani.

Nilisikia. Nikachukua ile iliyokuja na Linux. Amri moja tu, nani angekataa?

Imeingia. Nikampigia kwa majivuno. Akauliza toleo gani. Nikamsomea namba. Akasema: "Mwalimu, toa yote. Anza upya."

Mwanafunzi kampa mwalimu sufuri. Haya.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoa yote. Nimeongeza ufunguo wa ghala lao — faili ya herufi na namba ambayo Linux huitumia kujua kwamba mzigo umetoka kwa wenyewe. Nimeongeza anwani ya ghala. Nimesema: pakua.

Haioni kitu. Hakuna mzigo wa jina hilo.

Saa nzima nimekodolea macho mstari mmoja. Mwishowe nikaona: mfano niliounakili ulikuwa wa Linux ya mtu mwingine, una jina la toleo lake, si langu. Neno moja. Nimelibadilisha, ikapakua kidogo kidogo kwa intaneti ya simu yangu, ikamaliza dakika kumi kabla ya futari. Sikukaa kuijaribu. Nilikimbia nyumbani, supu ya harira ilikuwa jikoni na Baba hajui kuipunguzia moto.

Alhamisi, 6 Machi

Hii programu ya makontena ina desturi, ukishaiweka, ya kuendesha kontena dogo lisilofanya chochote ila kusalimia. Nimeandika amri. Ikajibu: ruhusa hakuna!

Mimi! Niliyeiweka mwenyewe!

Idir anasema ni lazima nijiingize kwenye kundi la wanaoruhusiwa, halafu nitoke na kuingia tena. Nikajiingiza. Ruhusa hakuna. Nikampigia tena. Ulitoka ukaingia? Nilitoka. Mwalimu, ulitoka kweli? Sikutoka. Nilifunga dirisha la skrini nikafungua jingine. Nikaizima mashine yote nikaiwasha.

Ikanisalimia. Mistari kumi na kitu ya kunipongeza kwamba kila kitu kimekaa sawa. Nimeisoma kwa sauti peke yangu ofisini. Nimefurahi, sitaficha.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa kontena lenyewe. Kubwa! Intaneti ya simu ilifika robo ikakata. Ikaanza upya. Ikafika theluthi, salio likaisha. Nikaongeza. Ikafika theluthi, mnara ukalala. Kijiji kizima kiko kwenye simu kikisubiri magharibi, nani atapata intaneti?

Idir kasema usijisumbue, nitalitoa kwenye kompyuta yangu liwe faili moja, nilitie kwenye flashi, nilipandishe basi. Jumatatu dereva ataliacha njia panda.

Kontena linakuja kwa basi. Nilimwambia Baba, akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Anasema zamani hata mngeleta mbuzi kutoka Meknès kwa basi tungewaelewa, lakini programu?

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeandika orodha. Baba kakaa kitandani kaniimbia zamu zote za mzunguko, siku kumi na mbili, mchana na usiku, bila karatasi. Nani, mfereji upi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Wa kwanza Lalla Yamna, jirani yetu mjane: bwawa likishajaa, saa mbili asubuhi, saa tatu za maji. Wa pili Haddou, kuanzia saa tano. Sisi siku ya tatu, saa mbili za maji. Nilipomwomba arudie moja akasema, hukusikia au hukuamini?

Saa zake mbili bado ziko ukutani. Moja ni yake. Ya pili aliiweka Mama, Mungu amrehemu, mwaka serikali ilipoongeza saa moja na kuiacha hapo, ili mimi nisichelewe shuleni. Yake hajaigusa. "Jua halijaongezwa kitu," anasema kila mgeni akiuliza. Ramadhani serikali hurudisha saa nyuma, na zile mbili zinakwenda pamoja. Mwezi mmoja wa amani kwa mwaka. Baba huuita mwezi wa serikali kutubu.

Nimemaliza kuandika, nimemsomea yote. Kaitikia kwa kichwa kama imamu. Kosa moja tu, nalo la jina.

Jumatatu, 10 Machi

Dereva kanipa boksi la shebakia, zile keki za asali. Nikasema kuna flashi pia. Akasema mimi nimepewa boksi. Nikalifungua pale pale barabarani. Flashi imo, katikati, kwenye asali! Idir kaifunga kwa plastiki lakini plastiki imepasuka. Dereva akanishauri niilambe. Nimefunga, bwana!

Nimeifuta kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha miwani. Nimeiacha ikauke dirishani mpaka alasiri. Nimeichomeka nikiwa nimefumba macho.

Inasoma. Nimeamuru faili lipakiwe. Tabaka baada ya tabaka, likaingia lote. Nimeliwasha, nikaliingizia orodha. Kwenye skrini ikatokea orodha ya Baba, safu kwa safu, na juu yake saa. Nikaangalia simu. Sawasawa, mpaka dakika.

Shebakia tumekula baada ya kufuturu. Baba anasema kontena hili tamu.

Alhamisi, 13 Machi

Mzunguko wa kwanza wa mashine. Saa mbili kasoro tano nilikuwa bwawani, Lalla Yamna keshasimama na jembe lake. Yeye hana saa. Anasoma kivuli cha ukuta wa ghala la zamani. Kivuli kikigusa jiwe lililovunjika ni saa mbili, akafika. Nikamwambia Lalla, leo hakuna anayefungua, litafunguka lenyewe. Akasema bismillahi, na likikataa?

Mota ikalia. Lango likapanda. Maji yakaingia mferejini mwake.

Akaniangalia mimi, akaangalia lango, akaangalia mimi. Akasema Bassou ajue hili. Halafu akakimbilia shayiri yake, maji hayangoji.

Simu yake ndogo ililia kwapani. Ujumbe wetu. Hajui kusoma, huwa anampelekea mwenye duka. Hakuitazama hata.

Jumanne, 18 Machi

Umeme ulikatika adhuhuri nikiwa darasani. Uliporudi kompyuta ikawaka, kontena halikuwaka! Lango la tatu limekaa limefungwa robo saa, mpaka wenye zamu walipompigia Baba, naye akanipigia mimi, nami nikatoka mbio na chaki mkononi kulifungua kwa gurudumu.

Idir: mstari mmoja tu, Mwalimu, wa kuliambia lijiwashe kila mashine ikiwaka. Kwa nini hukuuweka? Nilidhani utauweka wewe. Nilidhani umeuweka wewe. Hivyo hivyo.

Ile robo saa tuliiongeza mwisho wa zamu, usiku kulikuwa na nafasi. Hakuna aliyedai. Lakini Baba jioni yote alikaa karibu na viatu vyake vya mpira. Hakuvivaa. Alivisogeza tu vikae karibu.

Nimeuweka mstari. Nimezima umeme mwenyewe mara tatu. Mara tatu limejiwasha.

Jumanne, 25 Machi

Mzunguko wa pili. Lalla Yamna alifika kivuli kikiwa kwenye jiwe, lango likafunguka. Sikwenda hata bwawani. Nilisikia mota kutoka dirishani kwa darasa. Wanafunzi wakapiga makofi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Baba kavaa kanzu nyeupe, kaenda kuswali kwa fimbo na bega langu. Watu wamembusu kichwa, wanamuuliza maji yanaendaje bila yeye. "Yanateremka," akasema. "Yalikuwa yanateremka kabla yangu."

Alisema vizuri. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa anatazama bwawa.

Jumamosi, 5 Aprili

Redio imekumbusha: usiku huu saa inaongezwa tena. Baba anasema waongeze, mimi simo. Nimesogeza ile ya Mama. Yake inaendelea na mambo yake.

Simu itajibadilisha. Kompyuta itajibadilisha, hiyo ni kazi yake. Hakuna la kufanya. Kesho mzunguko wa tatu, ndio wa mtihani. Siku kumi na mbili tu, na Baba akae nyumbani moja kwa moja.

Jumapili, 6 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa dirishani kwa ofisi, chai mkononi. Sikusikia mota. Saa mbili na dakika tano — kimya. Nikatazama nje: malango yote yamefungwa, bwawa limejaa mpaka ukingoni, na Lalla Yamna hayupo. Hilo la yeye kutokuwepo ndilo lingepaswa kunishtua. Halikunishtua! Nilidhani kachelewa. Yeye, ambaye hajachelewa tangu kuolewa!

Nikaenda kwenye skrini. Kompyuta inasema saa mbili na dakika kumi. Simu inasema hivyo hivyo. Programu inasema saa moja na dakika kumi.

Nikaelewa mara moja — nikadhani nimeelewa. Kontena lina saa yake ndani. Halifuati ya mashine. Limekuja na jiko lake na chumvi yake, na saa yake pia, ile saa ya dunia nzima ambayo makontena yote huzaliwa nayo kama hukuyaambia vingine. Ramadhani nzima saa hiyo na ya nchi zilikuwa moja, kwa hiyo hakuna aliyeona. Nilijiona hodari! Sikumpigia Idir hata. Nikaandika mstari mmoja: saa yako iwe ya Casablanca, ndiyo ya serikali. Nikalizima, nikaliwasha. Saa mbili na dakika ishirini na tano, na mota ikalia, na lango la Lalla Yamna likapanda.

Nikanywa chai yangu. Nikaenda sokoni kununua nyanya.

Mwenye kurudi kutoka sokoni na kusikia mwanamke anapiga kelele bwawani hahitaji kuambiwa. Nilitupa mfuko.

Lalla Yamna alikuwa katikati ya mfereji mkavu, matope mpaka magotini. "Saa yangu iko wapi, Tuda? Saa yangu iko wapi!" Alifika kivuli kwenye jiwe, kama siku zote, saa yake mbili. Akakuta maji yamekwisha kuingia muda mrefu, hakuna aliyeziba kingo zake, yamepasua, yamekwenda kwenye njia ya mbuzi. Akaziba. Akaanza kumwagilia. Na saa mbili tu baadaye, yeye bado ana saa nzima, lango likamshukia mbele ya macho yake na la Haddou likafunguka. Vipande viwili vya mwisho vya shayiri havikupata tone. Shayiri imetoa masuke. Zamu ijayo siku kumi na mbili, na hapo itakuwa majani makavu.

Nikasimama pale. Ndipo nilipoelewa kweli.

Maji hapa hayajawahi kufuata saa ya serikali. Hata siku moja! Yanafuata ya zamani, kila mtoto anajua, MIMI najua, nimekua chini ya saa mbili ukutani! Orodha aliyoniimbia Baba ilikuwa ya saa yake. Ila aliniimbia katika mwezi wa amani, wakati zote zilikuwa moja, na sikuuliza ya saa ipi. Na majira ya baridi yote niliyofungua malango sikuwahi kutazama saa, alikuwa ananiambia "sasa" nami nafungua. Kontena lilikuwa kwenye saa ya Baba tangu siku ya kwanza. Lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyelisahihisha.

Mtu wa nje angeliacha. Mgeni yeyote asiyejua kuweka saa ya Casablanca angewapa watu maji yao.

Nikakimbia juu, nikafuta ule mstari; kuliwasha upya kungoje zamu ya Haddou iishe. Niliporudi chini watu walikuwa wamejaa, na Haddou yuko ukingoni, mikono nyuma. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Lalla Yamna akamwambia funga lako unirudishie changu. Akasema shangazi, unaijua sheria kuliko mimi: maji yakishageuzwa kwa mtu hayarudishwi mpaka zamu yake iishe. Na ndiyo sheria, ingekuwa vingine pangekuwa na damu kila wiki. Kosa la saa hulipwa na mshika saa, kwa maji yake mwenyewe. Hiyo nayo ni sheria. Baba hajawahi kuilipa. Miaka arobaini na mmoja, hata dakika.

Haddou akageuka. "Nani kabadilisha saa?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi."

Watu wakapisha. Baba alikuwa kwenye njia ya bwawa. Peke yake, na fimbo, na viatu vya mpira. Hatua mia nne za mawe na kupanda, na daktari alisema asipande huko kabla ya mwaka kuisha. Jasho linamtoka, uso umekuwa wa majivu. Akasema tena, mimi nilimwambia binti abadilishe. Ilikuwa amri yangu. Mashine ilikuwa sawa, mimi nilikosa. Yamna, Jumanne utachukua saa moja katika zile zetu mbili.

Haddou akamsogelea. "Wewe, Bassou? Wewe ambaye serikali nzima haikukubadilisha saa?"

"Uzee," Baba akasema.

Uongo mtupu, na kila mtu pale alijua. Nilitaka kusema. Alinishika kifundo cha mkono, watu wakadhani anaegemea. Alikuwa ananibana. Mkono bado unauma nikiandika.

Lalla Yamna akafuta uso kwa mkono wenye tope, akasema sitaki maji ya Bassou. Baba akamwambia hukuulizwa, ni sheria.

Haddou akasema basi vizuri. Mashine haina kosa, mashine ibaki. Lakini mshika saa aliyekosa hawezi kukaa kitandani. Baraza likae kesho baada ya alasiri. Yeye kwa upande wake atasema hivi: Bassou akae bwawani mwenyewe, mchana na usiku, mpaka mzunguko uishe. Kama zamani.

Siku kumi na mbili. Ukingoni.

Nilimrudisha nyumbani kwa toroli ya jirani. Hakukataa, na hilo ndilo lililonitisha. Njiani nikamwambia Baba kesho nitasema kweli. Akasema ukisema kweli wataitupa mashine, kwa sababu watasema hata aliyeiweka haijui. Na wewe hutaingia tena kwenye baraza lolote maisha yako. Mimi nikikosa ni mzee kakosa. Nikamwambia na usiku kule juu, na nyonga? Akasema toroli hii inapiga kelele, itie mafuta.

Idir alipiga simu magharibi. Kasikia kwa mama yake. Anasema ni kosa langu, Mwalimu, ningeandika wazi ni saa ipi. Wote leo wanataka hili kosa. Ni langu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimetoka darasani mapema. Alasiri haijaadhiniwa.

Asubuhi niliandika upya mstari, wazi kabisa safari hii: kontena hili linakwenda kwa saa ya zamani, lisibadilishwe. Na karatasi nimebandika juu ya skrini, kwa maandishi makubwa, nani kaliweka na saa ipi. Lango la kwanza leo limefunguka kivuli kilipofika mahali pake. Watu walikuwapo. Hakuna aliyepiga makofi.

Lalla Yamna alikuja asubuhi na mayai sita. Hakusema ya nini. Akasema tu, jana usiku nilifikiri, Bassou haongopi vizuri. Nikamwambia ndiyo Lalla. Akasema wewe unajua la kufanya. Akaondoka. Sijui! Laiti ningejua!

Nikisema kweli, mashine inatolewa leo, na malango ya usiku yanarudi kwa mikono, na mikono iliyopo ni yake, maana hatakubali iwe ya mwingine. Nikinyamaza, yuko bwawani siku kumi na mbili. Njia zote mbili zinampeleka kule. Tofauti ni jina langu tu. Nimeligeuza tangu alfajiri sioni mlango wa tatu. Ila mmoja: niseme kweli, halafu niombe nikae bwawani mimi, siku kumi na mbili, na blanketi. Mshika saa niwe mimi, kwa jina. Hajawahi kuwa mwanamke. Haddou atacheka. Halafu sijui atafanya nini.

Baba yuko uani. Kaketi juu ya ndoo, anatia mafuta ufunguo wa gurudumu la malango, ule wa mkono. Anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu Novemba. Nimeacha kuandika nikasikiliza. Inaniuma, na inanifurahisha, na siwezi kuvitenganisha. Huenda hakusema uongo kwa ajili yangu tu.

Kavaa viatu. Kanzu ya Idi. Kaegemeza fimbo mlangoni.

Mluzi umekatika. Ananiita.

"Tuda! Saa ngapi?"

Hajawahi kumuuliza mtu saa. Mama hakuwahi kuulizwa, wala mimi. Saa yake iko ukutani, anaiona kutoka pale alipokaa.

"Tuda, nimekuuliza."

Saa zote mbili ziko mbele yangu, ya Baba na ya Mama, zimepishana saa nzima. Nimenyanyuka nikamjibu, kalamu bado mkononi.